Zahanati, madarasa, kisima au kalvati: kipi kikae namba moja kwenye orodha ya kijiji?

Kila mwaka mvua za kwanza zikishagusa ardhi ya Uyui, mkoani Tabora, watu wakiwa wameinama kwenye matuta, mtendaji hubandika tangazo kwenye mti: mkutano mkuu wa kijiji, ajenda ya nne, vipaumbele vya bajeti. Mwaka nilioingia kamati ya ujenzi, kijiji chetu kilipeleka kwenye kata orodha ya mambo kumi na moja. Zahanati ilikuwamo, madarasa mawili, nyumba ya mwalimu, kisima, lambo la mifugo, josho, kalvati la mtoni, hata taa za barabarani. Umeme wenyewe ulikuwa umefika kwenye nyumba za kuhesabu, lakini kijana mmoja alisimama akasema taa, tukaandika taa. Tulirudi nyumbani tumefurahi kwa kuwa hakuna aliyekataliwa ombi lake.

Kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo wote tunaiita WDC, karatasi yetu ilisomwa kwa dakika mbili. Kijiji jirani walileta jambo moja tu, muhtasari wenye sahihi, eneo lisilo na mgogoro na tanuru la tofali lililokwisha kuchomwa. Mwaka ule wao walipata, sisi tuliambiwa tusubiri.

Basi haya ni kwa ajili ya wajumbe, wenyeviti wa vitongoji na wananchi ambao mkutano wao unakaribia na bado wanavutana. Mambo manne ndiyo yanayogongana karibu kila kijiji cha Tabora nilichowahi kukaa: madarasa, zahanati, maji na barabara. Yote ni ya lazima, hilo halina ubishi. Ubishi ni kipi kitangulie mwaka huu, kwenye kijiji chenu.

Kwanza tujue mfuko ni wa nani

Tukisema "halmashauri itutengenezee" tunadhani kuna sanduku moja kubwa pale makao makuu ya wilaya. Halipo. Tangu tarehe 1 Julai 2017 barabara za vijijini na mijini zimehamia TARURA. Tangu tarehe 1 Julai 2019 maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka huo. Diwani wako anaweza kumbana meneja wa wakala hao kwa maswali, lakini hawezi kuchota kwenye fedha za shule akachimba kisima, wala kinyume chake. Kilichobaki mikononi mwa halmashauri yenyewe, ukiacha kilimo, mifugo na mengineyo, ni shule za msingi na sekondari, zahanati na vituo vya afya.

Hata hapo, fedha za halmashauri zina asili mbili. Sehemu kubwa, ikiwamo mishahara ya walimu na waganga, inatoka Serikali Kuu. Ndogo ni mapato ya ndani, na kwa wilaya zetu zinazolima tumbaku, yaani Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui, mapato hayo yanaegemea sana ushuru wa mazao. Ushuru huo kwa mazao ya biashara ulikuwa asilimia 5, ukashushwa hadi 3 mwaka 2017. Kwa hiyo soko la tumbaku likiyumba pale kwenye AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, darasa lenu nalo linayumba, ingawa hakuna anayewaambia hivyo mkutanoni. Kwenye mapato hayohayo asilimia 10 inatengwa kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Sehemu nyingine imeagizwa iende kwenye miradi ya maendeleo, kuanzia asilimia 40 kwenda juu kutegemea uwezo wa halmashauri. Kinachobaki kinaendesha ofisi.

Juu ya yote kuna neno ambalo kila afisa mipango analitamka akikutana nawe mlangoni: ukomo. Halmashauri hupangiwa kiwango cha juu cha bajeti, na maombi yote ya kata zote lazima yaingie humo. Maombi ya vijiji hukusanywa mwishoni mwa mwaka, baraza la madiwani linapitisha mapema mwaka unaofuata, kisha bajeti inapanda mkoani, TAMISEMI na hatimaye Bungeni, na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Mlichokubaliana wakati wa kupanda hakiwezi kupata shilingi kabla hamjavuna na kuuza. Ndiyo maana kuchagua vibaya kunagharimu mwaka mzima.

Vipimo nitakavyovitumia

Nitapima kila mradi kwa maswali yaleyale. Mfuko gani unalipa? Kijiji kinaweza kuanza nini kwa nguvu zake bila kusubiri? Nani ataulisha mradi baada ya utepe kukatwa? Na unawafaa nani zaidi? Swali la tatu ndilo ambalo mikutano yetu huliruka, nami nalipa uzito kuliko mengine. Ukiona nimeegemea huko, mnijue hivyo.

Madarasa

*Mfuko.* Hapa halmashauri ni mwenyewe, na Serikali Kuu inaongeza kupitia programu zake, BOOST kwa shule za msingi na SEQUIP kwa sekondari. Mwaka 2021, kwa fedha za UVIKO-19, yalijengwa madarasa 15,000 nchi nzima kwa shilingi milioni 20 kila moja. Kwa maboma, yaani majengo ambayo hayajakamilika, yaliyoanzishwa na wananchi, kiwango kilichozoeleka cha kumalizia darasa moja kilikuwa shilingi milioni 12.5. Kiwango hicho kinaeleza kitu: ukifika lenta, umempunguzia mwenye bajeti mzigo mkubwa, naye anapendelea kumaliza palipokwisha anzwa.

*Kuanza wenyewe.* Huu ndio mradi rahisi kuliko yote kwa nguvu za wananchi. Tofali, mchanga, mawe, maji ya kujengea na vibarua vya msingi vinapatikana hapahapa. Msimu mzuri wa kuchanga ni baada ya malipo ya tumbaku, kabla ya harusi hazijaanza. Ila kumbukeni elimu bila ada ilianza mwaka 2016, na mchango wa ujenzi ni wa hiari uliokubaliwa kwenye mkutano. Mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu baba yake hajatoa tofali. Nimeona vijiji vinaanza vizuri halafu mgambo anaharibu kila kitu.

*Baada ya utepe.* Darasa halili sana. Halihitaji dizeli wala dawa. Shule ya msingi inapewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, sekondari 25,000, na sehemu ya fedha hizo huenda kwenye vitabu kabla haijafika shuleni. Shida kubwa ni mwalimu, ambaye bajeti ya kijiji haimwajiri. Darasa jipya lisilo na mwalimu wala dawati linakuwa ukumbi wa mikutano.

Kuna hesabu mbili za kupeleka WDC. Ya kwanza ni wanafunzi 45 kwa darasa la shule ya msingi, na tundu moja la choo kwa wasichana 20 au wavulana 25. Hesabuni watoto, gawanyeni, andikeni upungufu. Mkoa wa Tabora ulikuwa na watu wapatao milioni 2.29 kwenye sensa ya 2012 na milioni 3.39 kwenye ile ya 2022, kwa hiyo upungufu mtaukuta tu. Hesabu ya pili ni ya mwaka 2028. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unafupisha elimu ya msingi kuwa miaka sita. Walioanza darasa la tatu mwaka huo kwa mtaala mpya watamaliza la sita mwaka 2027, pamoja na wenzao wa darasa la saba wa mtaala wa zamani. Mikondo hiyo miwili itagonga mlango wa kidato cha kwanza kwa pamoja Januari 2028. Kata yenye sekondari moja ya kata, na ambayo haijaanza kujenga, itakuja kulia.

*Inawafaa nani.* Kijiji chenye shule iliyofurika na walimu waliopo tayari, na kata inayojiandaa kwa 2028. Haiwafai sana wenye madarasa ya kutosha lakini walimu watatu shule nzima. Hao waombe nyumba ya mwalimu, maana mwalimu aliyepangiwa kijiji kisicho na pa kulala huanza kuandika barua ya uhamisho wiki ya kwanza.

Zahanati

Huu ndio mradi unaopendwa kuliko yote mkutanoni. Mtu akisema zahanati, kina mama wanapiga vigelegele, na mwenye wazo lingine anakaa kimya asije akaonekana hana huruma. Kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

*Mfuko.* Tena ni halmashauri, kwa msaada wa Serikali Kuu. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi ulioanza mwaka 2007 uliweka lengo la zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata, na mpaka leo lengo hilo ndilo madiwani wanalolishika. Kumalizia boma la zahanati kumekuwa kukipangiwa shilingi milioni 50. Linganisha na milioni 12.5 za darasa: kwa fedha ya zahanati moja, afisa mipango anamalizia madarasa manne katika vijiji vinne na kuwaridhisha watu wengi zaidi. Hatakwambia, lakini kalamu yake inalijua hilo.

*Kuanza wenyewe.* Mnaweza, ila msikimbilie jembe. Sisi tulikimbilia. Tulichimba msingi kwa furaha, nzengo kwa nzengo, yaani makundi ya majirani, zikipokezana siku, tukapandisha kuta hadi lenta kabla mhandisi wa halmashauri hajakanyaga eneo. Tofali nyingine zilikuwa zimechomwa juujuu kwa sababu kuni ziliisha. Boma likakaa bila paa masika mawili. Mhandisi alipokuja hatimaye, alipima vyumba, akatazama ramani yake, akatazama ukuta wa upande wa mashariki uliokwisha kula maji, akasema upande ule uvunjwe na chumba cha kujifungulia kipanuliwe. Kosa lilikuwa la kamati yetu, mimi nikiwamo. Mpangilio sahihi ni kumpata mganga mkuu wa wilaya akubali eneo, mhandisi alete ramani ya kawaida ya zahanati na makadirio, kisha ndiyo jembe.

Jengo nalo si zahanati peke yake. Linataka choo, kichomea taka, shimo la kutupia kondo la nyuma, maji, na nyumba ya mtumishi karibu. Kamati nyingi huweka jengo kuu kwenye bajeti na kuyaacha haya yajijenge.

*Baada ya utepe.* Hapa ndipo zahanati inapoachana na wenzake. Lazima isajiliwe ndipo ifungue akaunti, ipokee dawa kutoka Bohari ya Dawa na ipate fedha zake. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za uendeshaji huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ya usimamizi yenye wananchi ndani yake ndiyo inayopanga matumizi pamoja na mganga. Huo ni uwezo ambao vijiji vingi havijautumia. Lakini mtumishi haajiriwi na kijiji, wala halmashauri haimwajiri inavyotaka. Anasubiri kibali cha ajira kutoka juu. Mnaweza kuwa na jengo lenye rangi mbichi na kufuli mlangoni kwa miezi. Akipatikana muuguzi mmoja tu, siku anayokwenda semina zahanati imefungwa.

Kingine: wajawazito na watoto chini ya miaka mitano hutibiwa bure kwa sera. Ni jambo jema, lakini lina maana kwamba zahanati ya kijijini haiwezi kujiendesha kwa malipo ya wagonjwa. Itategemea mgao.

*Inawafaa nani.* Kijiji kikubwa kilicho mbali na zahanati nyingine, chenye njia inayopitika, chanzo cha maji na nyumba ya mtumishi au utayari wa kuijenga kwanza. Kama zahanati ya kijiji jirani iko karibu na inalalamika haina watumishi wa kutosha, kujenga ya pili ni kugawa muuguzi mmoja vipande viwili.

Kisima au bomba la maji

*Mfuko.* Mlango wake ni ofisi ya meneja wa RUWASA wa wilaya. WDC bado ina kazi, kwa sababu kipaumbele kilichopitishwa na kata kina nguvu kuliko barua ya mwenyekiti pekee, lakini msishangae mkiambiwa halmashauri haina kifungu cha kuchimba kisima chenu. Vijiji vilivyo karibu na bomba kuu la maji ya Ziwa Viktoria, lile lililofika Tabora, Nzega na Igunga, waulize kwanza habari ya kuunganishwa kabla hawajafikiria mtambo wa kuchimba.

*Kuanza wenyewe.* Hapa nguvu za wananchi hazisaidii sana, na ni vizuri kusema mapema ili watu wasichangishwe bure. Sehemu kubwa ya Tabora imekaa juu ya mwamba mgumu. Maji yapo kwenye nyufa, na anayejua nyufa ziko wapi ni mtaalamu wa utafiti wa maji chini ya ardhi. Kuchimba kunahitaji kibali cha bodi ya bonde. Kwa eneo letu ni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, ambayo makao yake ni Kigoma. Kisima kikitoka kikavu, mchimbaji anadai chake na nyinyi mnabaki na shimo. Mnachoweza kutoa ni ardhi iliyoandikiwa hati ya makubaliano, kuchimba mitaro ya mabomba, na kulinda chanzo.

*Baada ya utepe.* Maji ya kijiji huendeshwa na chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, chenye akaunti, fundi na bei ya ndoo. Mkutano ukisema maji yawe bure, mjue mmeshachagua siku ya bomba kufa. Bomba la mkono linataka mpira wa pistoni na mnyororo wa kubadilisha, na pampu ya sola inataka mlinzi. Faida yake ni kwamba huduma hii inaweza kujilisha yenyewe. Kati ya miradi hii minne, ni maji peke yake ambayo mtumiaji analipa kidogo kila siku na anaona anacholipia.

Muda wa kuonja ni mfupi pia. Utafiti ukiwa mzuri, mtambo ukifika, maji yanatoka ndani ya siku chache za kazi. Sera ya Maji ya 2002 ilitaka kituo cha kuchotea kisizidi mita 400 kutoka nyumbani na kihudumie watu 250. Tembeeni mpime. Bibi mmoja wa kitongoji cha mwisho kwetu alituambia mkutanoni, "Wanangu, mnabishania darasa, ndoo yangu inatoka nyumbani saa tisa usiku." Wanaume walicheka, halafu wakaacha kucheka.

*Inawafaa nani.* Kijiji ambacho kiangazi kinawatuma kina mama na mabinti usiku, na ambacho kina watu wanaoaminiana kiasi cha kushika fedha za maji bila kugombana. Kama kamati yenu ya maji iliyopita ilivunjika kwa tuhuma, malizeni hilo kwanza. Na kama kelele kubwa ni ya ng'ombe kuliko ya watu, mnachohitaji ni lambo, jambo ambalo lina mlango wake kwa idara ya mifugo.

Barabara na kalvati

Hapa nitapita haraka, si kwa sababu ni kitu kidogo bali kwa sababu kazi ya kijiji ni fupi.

*Mfuko* ni TARURA, ambayo tangu 2021 inapata pia tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta. *Kuanza wenyewe*, mnaweza kung'oa visiki, kufungua mitaro na kupata ridhaa za wenye mashamba, kwa maandishi. Kalvati lenyewe waachieni wahandisi, maana kalvati la magogo tunalojenga wenyewe huondoka na mvua ya kwanza ya Februari. La muhimu kuliko yote ni kuuliza kama njia yenu imo kwenye mtandao wa barabara uliosajiliwa. Njia isiyo kwenye orodha hiyo haipati matengenezo hata mkiandika barua kumi. Ombi lenu la kwanza huenda likawa kusajiliwa tu, nalo halina gharama.

*Baada ya utepe* hakuna wa kulipwa mshahara, lakini matengenezo hurudi kila masika.

*Inawafaa nani.* Kijiji kinachokatika na wenzake miezi mitatu ya mwaka. Na hapa naomba wapenda zahanati wasikilize. Sasa kuna mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama: mjamzito au mtoto mchanga akizidiwa, mtu anapiga 115 bure na gari hutafutwa, likiwamo la dereva wa kijamii pale ambapo gari la wagonjwa halipo karibu. Mfumo huo hauna msaada kwa mama aliye ng'ambo ya korongo lililojaa. Kwa kijiji kilicho mwendo wa nusu saa kutoka kituo cha afya, kalvati moja linaweza kumfikisha mama kwenye chumba cha upasuaji, huduma ambayo zahanati haitakuwa nayo hata mkiijenga.

Fedha za pembeni

Msisahau Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009. Kamati yake inaongozwa na mbunge. Ni fedha ndogo, hazijengi zahanati, lakini zinanunua mabati na saruji. Kwa hiyo zinafaa kumalizia kuliko kuanzisha. TASAF nayo, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, kupitia ajira za muda za kaya za walengwa, inaweza kufanya kazi za jembe kama lambo au njia. Ukipata vijiji viwili vyenye hitaji sawa, chenye kuunganisha mifuko hii na bajeti ya halmashauri ndicho kitakachomaliza kwanza.

Kwa hali yenu

Kama maji ni ya kubahatisha na pia mnataka zahanati, tangulizeni maji. Chumba cha kujifungulia kisicho na maji kinamrudisha mama kubeba ndoo akiwa na uchungu, na mganga atawauliza habari ya maji kabla hajawauliza habari ya ramani.

Kama mna zahanati ya jirani inayofikika kiangazi lakini si masika, pelekeni kalvati TARURA na muache jengo jipya kwa sasa.

Kama mko mbali na kila kitu, njia inapitika, maji yapo, hapo zahanati ni chaguo halali kabisa, na anzeni na nyumba ya mtumishi. Jambo hili hupingwa mkutanoni ("tumjengee nyumba mtu ambaye hajaja?"), lakini halmashauri inapogawa watumishi wachache iliopata, hupeleka kwanza penye pa kulala.

Kama shule imefurika na mavuno ya tumbaku mwaka huu ni mazuri, darasa. Fedha ya wananchi ipo sasa, mwakani huenda isiwepo. Kama ni kata nzima inayokaa kikao, madarasa ya sekondari kwa ajili ya 2028 yazungumzwe leo, kwa kuwa bajeti zilizobaki kabla ya hapo ni za kuhesabu.

Kama vitongoji vinavutana mikono sawa kwa sawa, tazameni milango. Darasa linaombwa halmashauri, kisima kinaombwa RUWASA. Maombi hayo hayanyang'anyani fedha, na muhtasari mmoja unaweza kuyabeba yote mawili, kila moja likielekezwa ofisini kwake. Kinachoua ni maombi mawili kwenye mlango mmoja, zahanati na madarasa kwa pamoja, kisha kila upande unakwenda kwa diwani kivyake usiku.

Na kama mna boma limesimama bila paa, la darasa au la zahanati, basi orodha yenu ina namba moja tayari, hata kama mradi wenyewe leo msingeuchagua. Mleteni mhandisi alikague, mpate makadirio ya kumalizia, muyaambatishe na muhtasari. Sisi mwaka huu tumeandika mistari miwili tu. Mmoja ni wa kupaua boma lile, ukuta wa mashariki ukiwa umekwisha kujengwa upya kwa tofali zilizochomwa hadi ndani. Wa pili umekwenda RUWASA. Yule kijana wa taa tumemweka kwenye kamati ya maji.